AUGUSTINO WA HIPPO NA MAJI YA UBATIZO



Kila mwaka, katika saa ya dini, swali la ubatizo linarudi. Je, mtu anaweza kuokoka bila kubatizwa? Aliyebatizwa ameokoka kabisa, hata akiishi vibaya? Kama mchungaji aliyetubatiza ameanguka katika zambi, ubatizo wetu umeharibika? Na mtu akihama jumuiya moja na kuingia nyingine, abatizwe tena? Maswali haya si mchezo. Kuna jamaa zilizogawanyika juu yake, na kuna wanafunzi wanaolala interna moja lakini hawakubali kushiriki Meza moja.

Basi tumefikiri vizuri kuwaletea habari za maisha ya mtu mmoja wa zamani sana, ambaye alipigana na maswali haya yote: kwanza katika maisha yake mwenyewe, kisha katika kazi yake ya askofu. Jina lake ni Augustino wa Hippo. Wakatoliki wanamheshimu, na Waprotestanti pia, sababu Luther alikuwa mtawa wa shirika lenye jina lake, na Calvin alisoma vitabu vyake kuliko vya baba wengine wa kanisa.

1. Mtoto wa Tagaste

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka 354 katika mji mdogo wa Tagaste, Afrika ya Kaskazini. Leo mji ule unaitwa Souk Ahras, katika inchi ya Algeria. Alikuwa mtu wa bara letu, ingawa inchi yake wakati ule ilitawaliwa na Roma, na yeye alisoma na kuandika Kilatini. Baba yake, Patrisio, alikuwa na mashamba kidogo na kiti katika baraza la mji. Hakuwa Mkristo, alibatizwa tu karibu na mwisho wa maisha yake. Mama yake, Monika, alikuwa mwamini na mwanamke wa maombi.

Sasa tuangalie jambo moja. Augustino alipozaliwa hakubatizwa. Alitiwa alama ya msalaba na kuonjeshwa chumvi, ndiyo desturi ya wakati ule, maana yake amehesabiwa kati ya wale wanaongojea. Alipokuwa bado mtoto alishikwa na ugonjwa wa tumbo kwa gafula, hata watu wakafikiri anakufa. Yeye mwenyewe akaomba ubatizo. Monika akaanza kutengeneza mambo yote upesi. Lakini ugonjwa ukatulia, na ubatizo ukawekwa pembeni.

Kwa nini? Wakristo wengi wa wakati ule waliwaza hivi: ubatizo unaosha zambi zote za nyuma, lakini zambi zinazofanywa baada ya ubatizo ni nzito zaidi. Kwa hiyo walifanya hesabu yao: afazali kijana apite kwanza katika matope ya ujana, kisha aoshwe mara moja. Hata Kaisari Konstantino, yule aliyewapa Wakristo uhuru, alibatizwa katika mwaka 337, alipokuwa karibu kufa. Walishika ubatizo sawa mtu anayeficha kipande chake cha mwisho cha sabuni, kusudi akitumie siku ya sikukuu.

Augustino alipokuwa mtu mzima aliandika katika kitabu chake cha Maungamo kwamba hesabu ile haikuwa nzuri. Watu walikuwa wanamwachia kijana afanye anavyotaka kwa sababu hajabatizwa bado. Lakini kwa mambo ya mwili, nani atasema mgonjwa aachwe aumie zaidi kwa sababu hajapona bado?

2. Kijana mwenye akili nyingi na moyo wa kutangatanga

Wazazi walimtuma kusoma Madaura. Alipofika miaka 16, feza za masomo zilikosa, akakaa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Ni katika mwaka ule yeye na wenzake waliiba matunda ya mti wa jirani usiku. Hawakuwa na njaa, na sehemu kubwa wakawatupia nguruwe. Waliiba kwa sababu tu ilikuwa katazo. Sisi wa umri ule tunaelewa vizuri sana habari hii!

Kisha akaenda Karthago, mji mkubwa. Alikuwa wa kwanza katika masomo ya ufasaha. Lakini akakaa na mwanamke bila ndoa, wakazaa mtoto mwanaume, jina lake Adeodato, maana yake amepewa na Mungu. Akajiunga na watu wa dini ya Mani, waliofundisha kwamba kuna nguvu mbili, ya nuru na ya giza, zinazopigana tangu mwanzo. Akakaa kwao kama miaka 9. Mama yake alilia sana juu yake, lakini hakuacha kuomba.

Wakati huu akawa mwalimu katika mji wake wa Tagaste, na pale jambo moja likamfikia. Alikuwa na rafiki wa kilasi, waliyepatana naye sana, na Augustino alikuwa amemvuta katika mafundisho ya Mani. Yule rafiki akashikwa na homa kali, akapoteza fahamu. Jamaa zake wakambatiza vilevile, hali hajui kitu. Kisha akaamka kidogo. Augustino akamfanyia mzaha juu ya ule ubatizo, akifikiri watacheka pamoja. Kumbe rafiki akamtazama kama adui, akamwonya aache maneno yale kama anataka urafiki uendelee. Siku chache nyuma, homa ikarudi, akafa. Augustino aliumia hata hakuweza tena kukaa katika mji ule, akarudi Karthago. Aliona kwa macho yake kwamba maji aliyoyachekelea yalikuwa na uzito kwa mtu aliye karibu na kaburi.

3. Usiku wa Pasaka kule Milano

Katika mwaka 383 alivuka bahari kwenda Roma, na mwaka 384 akapata kazi kubwa ya mwalimu wa ufasaha kule Milano, mji ambapo kaisari alikaa. Monika akamfuata. Pale akasikia mahubiri ya askofu Ambrosio. Huyu Ambrosio naye ana habari yake: katika mwaka 374 watu walimchagua askofu hali yeye mwenyewe hajabatizwa bado, alikuwa gavana wa jimbo. Ilibidi abatizwe kwanza, kisha awekwe askofu siku chache baadaye.

Mzee mmoja wa kanisa, Simplisiano, akamwelezea Augustino habari za Viktorino, mwalimu mkubwa wa Roma ambaye watu walimsimamishia sanamu uwanjani. Viktorino alisoma Biblia akaamini, lakini kwa siri. Alimwambia Simplisiano kwamba yeye ni Mkristo tayari. Simplisiano akakataa kumhesabu hivyo mpaka amwone kanisani. Viktorino akacheka, akauliza kama ni kuta za nyumba zinazomfanya mtu Mkristo. Shida ilikuwa haya: aliogopa rafiki zake wakubwa. Lakini alipoendelea kusoma, akaogopa zaidi kwamba Kristo atamkana. Akaandikisha jina lake juu ya ubatizo. Wakamwachia nafasi ya kuungama imani kwa faragha, lakini yeye akataka kuungama mbele ya watu wote. Habari hii ilimchoma Augustino sana, sababu ilikuwa habari yake mwenyewe.

Mwezi wa Agosti mwaka 386, katika bustani ya nyumba aliyokaa, moyo wake ulivunjika. Alisikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikimwambia achukue na kusoma. Akafungua barua ya Paulo kwa Warumi, akasoma mstari wa sura ya 13 unaoagiza kuacha ulevi na uasherati na kumvaa Bwana Yesu Kristo. Hapo vita ya moyo wake ikaisha.

Wengine wangesema: basi, ameamini, maji ni ya nini tena? Yeye hakusema hivyo. Aliacha kazi yake ya heshima. Mwanzo wa mwaka 387 akaandikisha jina kama kila mtu, na katika siku za Kwaresima akakaa pamoja na watu wa kawaida kujifunza Imani ya Mitume na maana ya maisha mapya. Mwalimu wa ufasaha aliketi kilasi moja na wasiojua kusoma. Usiku wa Pasaka, tarehe 24 kuamkia 25 Aprili mwaka 387, Ambrosio akambatiza, pamoja na mwana wake Adeodato mwenye miaka kama 15, na rafiki yake Alipio. Kisima cha ubatizo kilikuwa na pembe nane, na mabaki yake yanaonekana mpaka leo chini ya uwanja wa kanisa kubwa la Milano. Kwa desturi ya kule, mtu aliulizwa mara tatu, juu ya Baba, juu ya Mwana na juu ya Roho Mtakatifu, na kila mara akaingizwa majini. Kisha askofu alimwosha miguu, na akavikwa nguo nyeupe.

Monika aliona siku ile aliyoiombea miaka mingi. Mwaka uleule, walipongoja meli kule Ostia kusudi warudi Afrika, akafa, akiwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake. Adeodato naye alikufa kijana, muda mfupi baada ya kurudi. Tusifikiri basi kwamba ubatizo ulimfungulia Augustino njia ya raha. Ulimfungulia njia ya Kristo, na katika njia ile kaburi pia liko.

4. Askofu na ugomvi wa kubatiza tena

Katika mwaka 391 alipita katika mji wa Hippo, ambao leo ni Annaba, Algeria. Watu wakamshika kanisani, wakalazimisha awe kasisi wao, naye akalia. Miaka michache nyuma akawa askofu, akabaki hapo mpaka kufa kwake.

Kanisa la Afrika wakati ule lilikuwa limepasuka vipande viwili. Chanzo kilikuwa cha zamani. Katika mateso ya miaka 303 mpaka 305, viongozi wengine waliogopa wakatoa Maandiko Matakatifu kwa askari kusudi yachomwe moto. Mateso yalipokwisha, Sesiliano akawekwa askofu wa Karthago. Wengine wakamkataa, wakasema mmoja wa waliomweka alikuwa ametoa Maandiko, kwa hiyo mikono yake ni michafu. Wakaweka askofu wao, na kiongozi wao mkubwa akawa Donato. Walifundisha kwamba ubatizo wa kanisa lile lingine ni maji matupu. Mtu akija kwao, walimbatiza tena. Chuki ilikuwa kubwa, hata kule Hippo askofu mmoja wa upande wa Donato aliwakataza waoka mikate wasiokee Wakatoliki mkate.

Karibu mwaka 400 Augustino aliandika vitabu saba juu ya ubatizo kuwajibu. Neno lake lilikuwa hili: ubatizo si mali ya mtu anayebatiza. Ni wa Kristo. Maji yakipita katika mfereji wa jiwe kwenda bustanini, jiwe halioti kitu, lakini bustani inazaa. Tena aliwakumbusha habari ya Yuda. Wanafunzi wa Yesu walibatiza watu, na Yuda alikuwa kati yao. Lakini hatusomi popote kwamba waliobatizwa na Yuda walibatizwa tena. Na askari aliyekimbia jeshi, akirudi, hatiwi chapa mpya. Ile ya kwanza inabaki katika mwili wake. Kinachohitajiwa ni kwamba arudi.

Lakini hakusimama hapo. Aliwaonya watu wake pia wasijivunie maji. Simoni mchawi wa Samaria alibatizwa, na Petro akamwambia moyo wake si sawa mbele ya Mungu. Kwa upande mwingine, mnyang'anyi msalabani hakubatizwa, na Yesu akamwahidia paradiso. Augustino akafundisha kwamba mtu aliyeamini na kugeuka kwa moyo, akakosa nafasi ya kubatizwa kwa sababu kifo kimemfikia, Mungu anatimiza kilichopunguka. Lakini anayedharau ubatizo, hali maji yako karibu na mlango uko wazi, huyu si sawa na mnyang'anyi. Kornelio alipokea Roho Mtakatifu mbele ya maji, na hata hivyo Petro aliagiza abatizwe.

Mwezi wa Juni mwaka 411 maaskofu kama 280 wa kila upande walikutana Karthago mbele ya mjumbe wa kaisari. Upande wa Donato ukashindwa. Sheria zikatoka: faini, na makanisa yao kunyang'anywa. Mwanzoni Augustino hakutaka watu walazimishwe katika imani. Baadaye akakubali nguvu ya serikali. Hapa sisi hatumfuati. Yule aliyefundisha vizuri hivi kwamba ubatizo ni wa Kristo angalikumbuka kwamba moyo pia ni wa Kristo, hauingizwi kwa faini.

5. Swali la watoto wachanga

Kuna jambo lingine gumu. Katika ugomvi wake na Pelagio, aliyesema mtoto anazaliwa bila zambi, Augustino alifundisha kwamba watoto wote wanazaliwa katika zambi ya Adamu, na kwamba mtoto anayekufa bila ubatizo haingii katika Ufalme, ingawa azabu yake ni ndogo kuliko zote. Mama wengi wamelia juu ya fundisho hili kwa karne nyingi. Alimfungulia mnyang'anyi mlango, akaufunga mbele ya mtoto asiyeweza hata kusema.

Calvin, aliyempenda sana, hakumfuata kwa neno hili. Alifundisha kwamba ahadi ya Mungu kwa watoto wa waamini haingoji maji kusudi iwe na nguvu. Na Wabatizaji, walioanza kule Zürich mwaka 1525, walisema Mungu hawahukumu watoto wachanga, kwa hiyo tungoje waamini wenyewe.

Mnaona ugomvi huu uko karibu na sisi. Tangu mwaka 1970 Waprotestanti wa inchi yetu wameunganishwa katika Kanisa la Kristo moja. Ndani yake kuna jumuiya zinazobatiza watoto, kama Wamethodisti, Wapresbiteri na Waanglikana, na kuna zile zinazobatiza tu wanaoweza kuungama imani, kama Wabatisti, Wamenonite na Wapentekoste. Bulletini yetu haiwezi kukata neno ambalo wenye elimu kubwa wameshindwa kukata kwa miaka 500. Lakini tunaweza kukubaliana kwamba hakuna jumuiya kati ya hizi inayofundisha kwamba maji peke yake, bila Kristo na bila imani, yanaokoa mtu.

6. Siku zake za mwisho

Katika mwaka 430 Wavandali, watu wa vita waliovuka kutoka Hispania, waliuzunguka mji wa Hippo. Wakimbizi walijaa ndani. Augustino alikuwa na miaka 75, akashikwa na homa. Rafiki yake Posidio, aliyeandika maisha yake, alikuwa pale. Anaeleza kwamba mzee alizoea kusema hata Mkristo aliyebatizwa, mwenye sifa njema, asiondoke duniani bila toba. Akaagiza Zaburi za Daudi za kutubu ziandikwe, zibandikwe ukutani karibu na kitanda chake. Siku kama kumi aliomba aachwe peke yake, mtu asiingie ila wakati wa mganga na wakati wa chakula. Akalala pale, akisoma zaburi na kulia. Alikufa tarehe 28 Agosti mwaka 430.

Tufikiri juu ya kitanda kile. Huyu alikuwa amebatizwa miaka 43 mbele, usiku wa Pasaka, kwa mkono wa askofu maarufu. Alikuwa ameandika vitabu saba juu ya ubatizo. Kama maji yangekuwa mwisho wa kazi, yeye angelala kwa raha bila machozi. Na kama maji yangekuwa bure, asingeyatetea maisha yake yote. Alilia kama mwana aliye ndani ya nyumba ya baba yake, si kama mgeni aliye nje.

7. Tunajifunza nini?

Wewe unayengoja, ukisema utabatizwa ukimaliza diploma, ukimaliza ujana, ukimaliza mambo fulani unayoyajua wewe: kumbuka hesabu ya zamani, na kumbuka kwamba Augustino mwenyewe aliihukumu. Wewe unayetafuta ubatizo kusudi upate karti tu: kumbuka Simoni. Wewe unayeogopa wenzako wa kilasi: kumbuka Viktorino. Wewe unayesumbuka kwa sababu aliyekubatiza ameanguka: kumbuka mfereji wa jiwe, hukubatizwa kwa jina lake. Na wewe uliyefiwa na ndugu mwenye imani mbele ya siku yake ya ubatizo: kumbuka mnyang'anyi, na usikate tumaini.

Na sisi tuliobatizwa, kwa maji mengi au kidogo, tukiwa wachanga au wakubwa, tuache kushindana nani ana maji mazuri zaidi. Tunapashwa kuulizana neno moja tu: je, tunaishi kila siku sawasawa na jina tulilobatiziwa? Swali hili Augustino alilijibu mpaka siku yake ya mwisho, akielekeza macho ukutani kwenye zaburi. Na sisi tulijibu vilevile, hapa shuleni, tangu leo.